Muda wa Kusema Tabora

Kamera nimeinunua kwa pesa ya asali,
madebe matatu aliyoniuzia shemeji Mihambo kutoka Sikonge,
na hadi leo mkanda wake unanata shingoni.

Fundi Kapela, pale Gongoni, alikuwa anakata picha za pasipoti.
Hakuinua uso.
"Wewe mtu wa asali, Nyamizi, hili utalielewa.
Usiku mwanga ni mzito, unashuka polepole.
Panua mdomo wa chupa, au ngoja zaidi.
Ukikosa subira, kamua sega:
utapata, ndiyo,
ila na nta, na miguu ya nyuki."

Tundu. Shata. Aiso.
Nikayatafuna njia nzima hadi stesheni.

Namba ndogo, tundu kubwa. Nani alipanga hivi?
Moja nukta nane ni mlango wazi,
kumi na sita ni tundu la sindano.
Wiki nzima nilifunga nilipotaka kufungua,
nikaleta nyumbani picha nyeusi kama masizi ya sufuria la msibani,
mama akauliza kama hiyo ndiyo asali ya shemeji.

Stesheni ina taa nne. Inayowaka ni moja na nusu.
Hapa reli hugawana, ya Mwanza huku, ya Kigoma kule,
na mwenye kuzigeuza ni baba,
miaka thelathini na mmoja,
taa ya mkono, nyekundu, kijani.
Desemba anastaafu.
Picha yake akiwa kazini hatuna hata moja,
maana kazi yake yote ni ya usiku.

Usiku wa kwanza, sekunde mbili,
kamera juu ya gunia la karanga la abiria aliyelala.
Baba akapita.
Kwenye kioo: reli imetulia, kokoto zinahesabika,
na mstari wa kijani unaelea peke yake
kutoka kushoto hadi ukingoni,
haujabebwa na mtu.
Niliutazama sana ule mstari.
Desemba.

Usiku wa pili niliogopa, nikakamua sega.
Aiso elfu kumi na mbili na mia nane.
Baba yupo, mguu mmoja hewani,
lakini chenga zimemla uso,
uso wa redio isiyoshika.

Usiku wa tatu, flashi.
Akajifunika macho kwa kiwiko:
"Unataka niipeleke treni porini?"

Usiku wa nne treni ya kutoka Kigoma ilichelewa saa sita.
Watu walitandika vitenge, wakamenya mihogo, wakaacha kuuliza.
Baba akachoka kutembea,
akakaa juu ya mizani ya mizigo,
taa akaiweka chini kati ya buti zake, kioo cheupe.
Mshale ukapanda ukasimama sitini na moja.
"Zimepungua," akasema, si kwangu.

Nikafungua tundu lote.
Aiso elfu moja na mia sita, basi.
Shata, nusu sekunde, viwiko vyangu juu ya gunia la mtu mwingine.
Na mshale wa kamera uko kushoto kabisa, unanung'unika:
giza, giza.
Kamera inadhani usiku ni kosa.
Nikauacha unung'unike.

"Baba, usipumue."
"Kwa muda gani?"
"Muda wa kusema Tabora."

Akazuia pumzi. Nami nikazuia.
Shata ikasema ka,
pakawa kimya,
cha.

Kidevu, vifundo vya vidole, kifungo kimoja cha koti.
Mengine yote nyuma yake meusi,
na katika weusi ule, mbali, uzi wa reli.
Akaisogeza kamera mbali na macho kama barua.
"Eeh," akasema, akigusa pale peusi kwa ukucha,
"hapa ndipo ninapofanyia kazi."

Honi ikalia upande wa Urambo.
Akainuka, taa mkononi.
Mshale wa mizani ukatetemeka, ukarudi sifuri,
nami nikasahau kupiga.